Kujenga Reli ya Modeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaoinama kuangalia treni zangu kwa mara ya kwanza, pamoja na yale wanayorudi nayo miezi sita baadaye wakiwa wameshaharibu vitu viwili vitatu. Ninaposema "meza" nina maana ya ujenzi mzima: fremu, reli, nyaya, milima, nyumba na miti. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu kuna mambo yanayomaliza wikendi nzima na mengine yanaisha kwa neno moja.

Nianze na skeli ipi?

Tenganisha kwanza mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Skeli ni mara ngapi kitu kimepunguzwa. Geji ni umbali kati ya reli mbili. Skeli ya HO imepunguzwa mara 87 na geji yake ni milimita 16.5, ambayo ndiyo unayopata ukigawa geji ya kawaida ya milimita 1435 kwa 87. Skeli ya N imepunguzwa mara 160 na geji yake ni milimita 9. Skeli ya Z, ambayo kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliitoa mwaka 1972, imepunguzwa mara 220 na inatembea kwenye milimita 6.5. Skeli ya O ndiyo kubwa kati ya hizi, geji milimita 32, lakini hata majirani hawakuelewana: Marekani hupunguza mara 48, bara la Ulaya mara 45, Uingereza mara 43.5.

Uingereza pia wana OO, iliyopunguzwa mara 76 huku ikitumia reli zilezile za HO. Matokeo yake treni inaonekana pana kuliko njia yake, na kuna watu wamejenga upya kila ekseli ili kufikia milimita 18.83 iliyo sahihi. Usianze na ugomvi huo.

Ukitaka kuiga reli ya mita moja kwa skeli ya HO, tafuta alama ya HOm. Geji yake ni milimita 12.

Ushauri wangu: kama unapenda kukaa karibu na behewa moja na kupaka kutu kwenye bawaba za mlango, chukua HO. Kama unachopenda ni treni ndefu inayopita chini ya mlima mkubwa, chukua N. Behewa la abiria lenye urefu wa mita 26 ni sentimita 30 kwa HO na sentimita 16 tu kwa N. Mabehewa manane ya HO na injini yake yanahitaji zaidi ya mita mbili na nusu ya njia iliyonyooka stesheni, na hapo ndipo ndoto nyingi hugongana na ukuta.

Nina nafasi ndogo sana. Kuna maana ya kuanza?

Ipo, na mara nyingi meza ndogo huwa nzuri kuliko kubwa, kwa kuwa mwenyewe huimaliza. Kuna mchoro unaoitwa Inglenook, uliobuniwa na Alan Wright wa Uingereza, wenye njia tatu tu na pointi mbili, yaani mahali njia moja inapochepuka kuwa mbili. Njia moja inameza mabehewa matano, nyingine mbili zinameza matatu matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu, kisha unatakiwa kuyapanga kwa mfuatano uliotoka ukitumia injini moja. Hesabu yake ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani mifuatano 6,720. Kwa HO, ukitumia mabehewa mafupi ya mizigo, mchezo huu unaingia kwenye ubao wa takriban mita moja na nusu kwa sentimita 30, na unaweza kuupandisha juu ya kabati ukimaliza.

Meza iwe juu kiasi gani, na pana kiasi gani?

Simama, kunja mkono, pima sakafu hadi kiwiko. Meza ikiwa kimo hicho au juu yake kidogo, mara nyingi kati ya sentimita 100 na 130 kwa mtu mzima, jicho linaona treni kwa ubavu na si kutoka juu kama ndege. Modeli inayotazamwa kutoka juu hubaki kuwa kitu cha kuchezea hata ukiipamba vipi.

Upana nao una sheria moja: usijenge mahali ambapo mkono haufiki. Sentimita 60 hadi 70 kutoka ukingoni ndio mwisho wa raha. Zaidi ya hapo utakuwa unalalia miti yako kila behewa linapoanguka kule nyuma.

Fremu ya mbao zilizokatwa mraba na kuungwa kwa skrubu, juu yake plaiwudi ya milimita 12 au ubao wa povu gumu wa sentimita 5, inatosha. Tumia skrubu na si misumari, kwa maana utabomoa. Kila mtu hubomoa.

Kona ziwe kali kiasi gani?

Pungufu kadiri chumba kinavyoruhusu. Seti nyingi za HO za kuanzia huja na kona ya nusu kipenyo cha sentimita 36 hadi 46. Injini fupi itapita, lakini behewa refu litatoa tumbo nje ya njia na kugonga nguzo za ishara. Kanuni ninayoitumia ni kuzidisha urefu wa behewa refu kuliko yote mara tatu: behewa la sentimita 30 linataka nusu kipenyo cha sentimita 90. Ukishindwa, chagua mabehewa mafupi. Ni afadhali kuliko kulazimisha. Na kona kali ikiwa haiepukiki, ifiche ndani ya handaki ambako hakuna atakayeona aibu yake.

Mwanzo wa kona usiwe wa ghafla. Acha reli ianze kupinda taratibu kwa sentimita 20 au 30 kabla ya kufikia ukali wake kamili. Reli halisi zimefanya hivyo tangu zamani, na treni ya modeli nayo hutulia mara moja, haitingishiki kichwa.

Nataka njia moja ipite juu ya nyingine. Inahitaji nini?

Inahitaji urefu, kuliko unavyofikiri. Kwa HO, kati ya uso wa reli ya chini na tumbo la daraja acha kama sentimita 8. Ongeza sentimita 2 za unene wa daraja na reli ya juu, unapata sentimita 10 za kupanda. Mteremko wa asilimia 2, ambao injini nyingi huuweza zikiwa na treni ya maana, hupanda sentimita 2 kwa kila mita. Kwa hiyo unahitaji mita 5 za kupanda na mita 5 nyingine za kushuka, bila kuhesabu sehemu za kulainisha juu na chini. Mtu mwenye meza ya mita 2.4 kwa 1.2 akisikia hesabu hii hunyamaza.

Njia ya kuipunguza ni kugawana: njia moja ipande sentimita 5, nyingine ishuke sentimita 5. Ama upande kwa asilimia 4 na ukubali kuvuta mabehewa manne.

Reli ipi ni bora?

Ya nikeli silva, ambayo licha ya jina haina fedha ndani yake. Ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Namba kama kodi 100 au kodi 83 ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu za inchi, yaani milimita 2.54 na 2.1. Kodi 83 inaonekana kweli zaidi kwa HO, kodi 100 inavumilia zaidi magurudumu ya modeli za zamani. Kwa pointi, namba ndogo ina maana ya kuchepuka kwa ukali: pointi namba 6 huachana kipimo kimoja kwa kila sita. Namba 4 iache uani mwa mizigo.

Nilaze reli vipi ili treni isianguke?

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mandhari mbaya inaweza kupakwa rangi upya, lakini reli mbaya ikishazikwa chini ya kokoto itakutesa miaka.

Chora mstari wa katikati kwa penseli. Bandika mkanda wa koki, ule wa unene wa milimita 5, kwa gundi nyeupe ya mbao, nusu moja baada ya nyingine ukifuata mstari. Gundi ikikauka, pitisha msasa juu yake hadi kiganja kisihisi kinundu. Kisha laza reli, na kila kiungo kipitishe kucha: kucha ikikwama, gurudumu nalo litakwama. Kiungo kinachoangukia kwenye kona kilehemu kwa risasi kabla ya kuipinda reli, maana kisipolehemiwa hutokeza pembe. Kwenye njia zilizonyooka acha nafasi ndogo, kama unene wa kadi, kila baada ya mita moja au mbili. Wengi hudhani nafasi hizo ni kwa ajili ya joto la chuma, kumbe mara nyingi ni mbao iliyo chini ndiyo inayovimba na kunywea kwa unyevu.

Ukimaliza chukua behewa jepesi kuliko yote ulilonalo, lisukume kwa kidole njia nzima, kisha livute kinyumenyume. Macho yawe usawa wa reli, taa iwe upande wa pili. Utaona kila kilima. Mimi hufanya hivyo wiki nzima kabla ya kufungua chupa ya rangi.

Nitumie umeme wa kawaida au wa dijitali?

Kwenye mfumo wa zamani, reli hubeba umeme wa moja kwa moja wa volti 0 hadi 12, na injini zote zilizo kwenye kipande kimoja huondoka pamoja. Kwenye DCC, mfumo wa dijitali uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango cha pamoja miaka ya 1990, reli huwa na umeme muda wote, na kila injini ina dikoda, kifaa kidogo cha kupokea amri, yenye anwani yake. Anwani ya kiwandani kwa kawaida ni 3. Unaita injini 3, inaitika. Ile ya jirani inabaki imelala hata kama wamegusana.

Kwa meza ndogo yenye injini moja, mfumo wa zamani hauna ubaya. Kuanzia injini mbili nenda DCC, kwa sababu nyaya zinapungua na sauti na taa zinakuja humo humo.

Kosa la kawaida ni kutegemea viunganishi vya reli vipeleke umeme. Pitisha nyaya mbili nene chini ya meza, za milimita 2 za mraba, rangi mbili tofauti, halafu kila mita moja au mbili teremsha waya mwembamba kutoka kila reli. Ukimaliza weka sarafu juu ya reli zote mbili, sehemu ya mbali kuliko zote. Kidhibiti kinatakiwa kukata umeme papo hapo. Kisipokata, nyaya zako ni nyembamba, na siku injini ikianguka vibaya kitu kitaungua polepole kabla hujasikia harufu.

Treni ikizunguka na kurudi ilikotoka inapiga shoti. Kwa nini?

Kwa sababu reli ya kushoto imekwenda kukutana na ya kulia. Fuata reli moja kwa kidole kuzunguka kitanzi utaona mwenyewe. Kata reli zote mbili kwenye kila mwisho wa kitanzi, kipande cha katikati kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu, na ukilishe kupitia kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Mfumo wa Märklin wa reli tatu hauna ugonjwa huu, maana reli zake mbili za pembeni ni kitu kimoja kiumeme.

Mabehewa yanaanguka. Tatizo ni reli au behewa?

Weka kipande cha karatasi kila mahali yanapoanguka, halafu endesha kwa saa nzima. Mabehewa tofauti yakianguka palepale, mkosaji ni reli. Behewa lilelile likianguka sehemu mbalimbali, mkosaji ni behewa.

Kwa behewa, anza na uzito. NMRA, chama cha wajenzi wa reli za modeli kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, kinapendekeza kwa HO gramu 28 pamoja na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa la sentimita 15 liwe karibu gramu 113. Mengi hutoka kiwandani yakiwa mepesi. Bandika nati au vipande vya chuma sakafuni, katikati na chini, kisha pima magurudumu kwa kigezo cha geji. Gurudumu moja lililosogea nusu milimita linatosha kuangusha treni nzima.

Milima niijenge kwa kitu gani?

Kwa chochote chepesi. Vipande vya povu vilivyopangwa kama ngazi na kuchongwa kwa kisu, au vipande vya kadibodi vilivyosukwa kama kikapu na kufunikwa kwa bandeji za plasta zilizochovywa majini. Tabaka mbili za bandeji zinatosha.

Miamba ndiyo inayohitaji jicho. Mimina jasi kwenye kalibu ya mpira, ibandike kabla haijakaza kabisa, halafu hakikisha matabaka ya mwamba mmoja na wa jirani yanaelekea upande mmoja. Ardhi halisi haikatiki matabaka kila sentimita kumi. Kisha pitisha wino mweusi uliozimuliwa sana kwenye spiriti, uache uingie kwenye nyufa wenyewe, na mwisho brashi kavu yenye rangi ya mchanga juu ya kingo tu.

Na handaki liachie mlango wa huduma upande usioonekana. Handaki langu la kwanza halikuwa nao. Behewa la saruji liliingia likabaki humo hadi nilipokata mlima.

Namwaga vipi kokoto bila kuharibu kila kitu?

Swali ninalolipenda. Kokoto ndiyo hugeuza ukanda wa plastiki kuwa njia ya reli, na ndiyo inayoharibiwa na wengi.

Ukubwa kwanza. Jiwe halisi la milimita 40 ukiligawa kwa 87 linakuwa karibu nusu milimita. Kokoto nyingi za modeli ni kubwa mno. Kwenye picha zinaonekana kama mawe ya kujengea msingi wa nyumba. Pepeta kwa chujio na utupe zinazobaki juu.

Paka reli rangi ya kahawia ya kutu kabla ya kumwaga, ubavuni, kisha futa uso wa juu. Mwaga kokoto katikati ya reli kutoka kwenye kikombe cha karatasi kilichokunjwa mdomo, kidogo kidogo. Tandaza kwa kidole, halafu brashi laini, halafu gonga reli kwa mpini wa brashi: punje zilizopanda juu ya mataruma zitadondoka zenyewe. Hakuna punje inayotakiwa kubaki juu ya taruma wala kuegemea ndani ya reli. Chunguza kwa taa ya ubavuni, kwa maana baada ya gundi ni patasi tu itakayoiondoa.

Sasa lowesha. Nyunyiza spiriti ya isopropili, au maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa mvuke mwembamba kutoka juu, ukungu uanguke wenyewe. Ukipiga kwa nguvu utachimba mashimo. Kokoto ikishakuwa nyeusi kwa maji, chukua gundi nyeupe iliyozimuliwa, sehemu moja gundi na tatu maji, tone la sabuni, na uidondoshe kwa kidondoshea macho katikati ya mataruma. Ukifanya sawa, tone linazama mara moja kama mvua kwenye mchanga. Likikaa juu kama shanga, hujalowesha vya kutosha. Acha, lowesha tena. Usiguse hadi kesho yake. Itakuwa nyeupe kama maziwa na utadhani umeharibu. Asubuhi itakuwa imekauka bila rangi.

Kwenye pointi punguza kila kitu kwa nusu na usipeleke tone lolote karibu na ndimi, zile reli fupi zinazosogea. Paka mafuta kidogo ya modeli kwenye egemeo lake kabla, na wakati gundi inakauka rudi kila nusu saa uzisogeze kwa kidole. Pointi zangu mbili za mwanzo ziliganda kama zimepigwa saruji.

Tazama picha za njia halisi: kokoto za njia kuu ni safi na zina ukingo ulionyooka. Kwenye njia ya mizigo iliyosahaulika zimechanganyika na udongo, mafuta meusi yametandazika katikati pale injini zinaposimama, na nyasi zimeota. Ukiweka aina mbili za kokoto kwenye meza moja, mtazamaji anajua njia ipi ni muhimu bila kuambiwa.

Nyasi na miti?

Nyasi za nyuzi husimamishwa kwa umeme tuli: paka gundi, pitisha kifaa, nyuzi zinaruka na kusimama wima. Urefu wa milimita 4 unafaa HO, milimita 2 unafaa N, lakini changanya urefu na rangi mbili tatu. Uwanja wa rangi moja ni zulia.

Miti karibu kila mtu huifanya mifupi. Mti wa mita 20, ambao si mkubwa, ni sentimita 23 kwa HO. Weka mmoja wa kimo hicho kando ya stesheni uone nyumba inavyonywea. Mimi huweka michache ya kimo cha kweli mbele, mifupi nyuma, na umbali unajitengeneza.

Naweza kutengeneza mto?

Ndiyo, kwa epoksi ya uwazi iliyotiwa rangi kidogo, tabaka nyembamba za milimita 3 hivi, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Paka kitanda cha mto kwanza, katikati rangi nzito ya kijani iliyokoza, kingoni rangi ya udongo. Kina kinatokana na rangi, si na unene wa maji. Vaa glavu na fungua madirisha.

Ziba kila tundu. Nikisema kila tundu nina maana hata la sindano. Niliwahi kumwaga mto jioni nikaenda kulala. Asubuhi mto ulikuwa mkavu na sakafu ilikuwa na kioo kizuri sana.

Mbona nyumba zangu bado zinaonekana za kuchezea?

Mara nyingi ni mambo matatu. La kwanza, zimewekwa juu ya ardhi badala ya kuota kutoka ardhini. Angalia chini ya ukuta wa nyumba halisi: hakuna mwanga unaopita. Chimba kidogo, ikalishe, sukuma udongo uliopepetwa hadi kwenye ukuta, na ongeza nyasi chache pembeni mwa ngazi.

La pili, plastiki inang'aa. Vanishi isiyong'aa, hata bila rangi nyingine, huondoa nusu ya tatizo.

La tatu, hazina historia. Kuchakaza si kupaka uchafu kila mahali. Jiulize maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Bati lina kutu kwenye misumari na kwenye ukingo wa chini, na kutu hiyo hushuka kwa michirizi wima. Ukuta una matope yaliyoruka na mvua, kimo cha goti tu, yaani milimita 6 kwa HO. Moshi hukaa juu ya mlango wa karakana ya injini. Mlango wenyewe umefifia pale mkono unapousukuma. Tumia rangi iliyozimuliwa kwa nyufa, brashi kavu kwa kingo, na unga wa chaki kwa vumbi, kisha simama mbali mita moja na uangalie. Ukijiuliza kama inatosha, inatosha. Nimeharibu majengo mengi zaidi kwa kuongeza kuliko kwa kupunguza.

Vitu vidogo navyo viwe na kazi. Ngazi imeegemezwa mahali mtu alikuwa anarekebisha paa. Mwanasesere wa HO ni wa milimita 20, na akiwekwa katika mkao wa kukimbia ataonekana ameganda milele. Waliokaa, walioegemea na wanaosubiri huaminika zaidi.

Ukuta wa nyuma upakwe nini?

Buluu hafifu juu, karibu nyeupe kwenye upeo wa macho, vilima viwili vya kijivu cha kijani. Pembe za chumba zizungushwe kwa ubao mwembamba wa milimita 3 ili mbingu isiwe na kona. Usichore zaidi ya hapo kama wewe si mchoraji, na mimi si mchoraji.

Taa za nyumba zisiungue, nifanyeje?

Tumia LED na usiunganishe bila kizuizi cha umeme (rezista). Kwa volti 12, kizuizi cha ohmu 1,000 hupitisha karibu miliampea 9, mwanga wa kutosha kwa chumba kimoja. Paka ndani ya kuta rangi nyeusi kwanza, la sivyo plastiki nzima itawaka kama kandili.

Treni iende kasi gani?

Polepole kuliko unavyotaka. Kwa HO, kilomita 80 kwa saa ni kupita mita moja ya meza kwa sekunde nne hivi. Injini inayopanga mabehewa kwa kilomita 15 kwa saa inachukua karibu sekunde 21 kupita mita hiyohiyo. Weka alama mbili ukingoni, hesabu kimoyomoyo. Meza yako itakua maradufu bila kuongeza ubao.

Nisafishe reli kwa kitu gani, na mara ngapi?

Kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, kila treni inapoanza kusitasita. Usitumie msasa: mikwaruzo yake ndiyo inayokusanya weusi kesho. Safisha na magurudumu pia, na badilisha ya plastiki kwa ya chuma.

Nikijua zaidi, nitalazimika kuitupa meza ya kwanza?

Si lazima. John Allen wa Marekani, aliyefariki mwaka 1973 na ambaye wengi wetu tumejifunza kuchakaza kwa kuangalia picha za kazi yake, alianza na meza ndogo. Alipopata chumba kikubwa aliiingiza ile ndogo ndani ya mpya, ikawa kona moja ya reli iliyojaza ghorofa ya chini ya ardhi ya nyumba yake. Kwa hiyo jenga ya kwanza juu ya fremu inayobebeka, yenye ukingo ulionyooka na njia angalau moja inayoishia kwenye ukingo huo, sentimita 5 au zaidi kutoka pembeni. Siku ukipata nafasi, utafunga boliti mbili na kuunganisha waya mbili.